Ng'ombe wa Swali la Saba

Walikuwa thelathini na mmoja. Niliwahesabu nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya lori, kidole kikirukaruka juu ya vichwa vilivyojaa vumbi jeupe la mkonge, utadhani wote walikuwa wameota mvi mchana ule mmoja. Kisha nikawahesabu tena kutoka nyuma kuja mbele. Asubuhi tulikuja kutembelea shamba la mkonge la Ngombezi na wanafunzi thelathini na mmoja, na jioni tulikuwa tunarudi Handeni na thelathini na mmoja. Nikagonga bodi ya gari ili dereva aondoke.

"Mwalimu," Naisula akasema kutoka mkiani mwa lori, "Mwanaisha hayupo."

Nilimwambia akae chini, watu wote wapo, nimehesabu mara mbili. Hakukaa. Alikuwa msichana mrefu, mtoto wa wafugaji wa upande wa nyika ya Handeni, umri wake tuliukadiria kuwa miaka kumi na mitano kwa sababu nyumbani kwao mwaka aliozaliwa ulikumbukwa kwa mvua na si kwa tarakimu. Lori lilikwisha kuanza kutingishika. Alishika bomba la juu na kunitazama bila utovu wa adabu wowote.

"Idadi ipo, Mwalimu. Mwanaisha ndiye hayupo."

Nataka nieleze kwanza nilikuwa mtu wa namna gani siku ile, maana bila hivyo aibu yangu haitaeleweka. Mimi Raheli nilizaliwa hapo hapo Ngombezi, kwenye kambi za wafanyakazi wa shamba. Wazazi walishuka kutoka milima ya Usambara kufuata kazi. Baba alikuwa mkataji wa mkonge, na majani yalifungwa kwa mafungu ya thelathini thelathini. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa akiingia mlangoni na kutaja idadi ya mafungu kabla hajamsalimu mama. Jani lililopungua kwenye fungu lingeweza kumharibia siku nzima. Methali moja tu ndiyo iliyotawala nyumba yetu, mali bila daftari hupotea bila habari, nami nikaikuza moyoni mpaka ikawa dini. Nilipopata ualimu na kupangiwa kituo cha Misima, Handeni, nilikwenda na rula, kalamu za rangi na madaftari sita mapya.

Kituo chenyewe kilikuwa cha serikali, vyumba viwili pembeni mwa shule ya msingi, kwa ajili ya watoto walioikosa shule wakati wenzao wanaianza. Hakuna darasa lililonichanganya kama lile. Walikuwepo Wazigua waliokulia kwenye mashamba ya mahindi wakifukuza ngedere, wakaambiwa shule itakuja baadaye, na baadaye hiyo ikakawia. Walikuwepo watoto wa vibarua wa mkonge waliohamishwa kambi hadi kambi. Mwanaisha alikuja na miaka kumi na sita kwa sababu alikuwa macho na miguu ya bibi yake kipofu hadi bibi alipofariki. Na walikuwepo watoto tisa wa wafugaji, wakiongozwa na Naisula, waliotembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi, wakiwa na harufu ya moshi na maziwa. Wote hao tulitakiwa kuwafundisha kwa miaka miwili yale ambayo wengine hufundishwa kwa saba.

Miezi miwili kabla ya safari ile ya Ngombezi tuliletewa karatasi za upimaji. Watakaofaulu, majina yao yangepelekwa kusajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Watakaoshindwa wangesubiri mwaka mwingine. Nilisahihisha kwa siku mbili, nikajumlisha, nikagawa, kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Nilichora chati kubwa ya nguzo. Kijani kwa watoto wa wakulima, bluu kwa watoto wa mkonge, nyekundu kwa wafugaji. Kiswahili walilingana karibu wote. Kwenye hisabati, nguzo nyekundu iliishia chini, fupi kama kigoda. Niliibandika ukutani ofisini nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Mkuu wa kituo, Mwalimu Deogratius, aliitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia walifaulu watatu kati ya kumi na mmoja, na aliambiwa waziwazi kwamba matokeo ya namna ile yakirudi, kituo kitafungwa. Akaniambia ameamua wale tisa wasubiri. Ushahidi, alisema, nilikuwa nimembandikia mwenyewe.

Kusubiri kwa wengine kulikuwa kusubiri. Kwa Naisula kulikuwa mwisho. Baba yake, mzee Saning'o, alikuwa amempa miaka miwili kamili. Akifaulu ataenda shule ya bweni Korogwe na yeye mwenyewe atamletea tranka. Asipofaulu, kiangazi kikiingia familia itahamia Kilindi na mifugo, naye ataondoka nao. Naisula aliyajua hayo, nami niliyajua, na bado nilikaa kimya mbele ya chati yangu kwa sababu namba zilikuwa sahihi.

Huyo ndiye mwalimu aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya lori.

Niligonga bodi tena gari lisimame, nikapanda ndani kwa hasira, nikimwambia Naisula kwamba nitamthibitishia. Nikaanza kuwaita kwa majina badala ya kuwahesabu. Kila aliyeitwa aliitika, mpaka nikafika kwa Mwanaisha. Kimya. Nikaita tena. Hapo ndipo tulipomwona, amejibanza katikati ya miguu ya wavulana, kitoto cha kike cha kama miaka sita, mtoto wa kambini, amejifunika kanga ya mtu. Alitaka tu kupanda gari. Ndiye aliyenitimizia hesabu yangu.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka kwamba kiwandani korona ilikuwa bado inaunguruma, ile mashine inayokwangua majani, na maji yake ya kijani yakipita kwenye mfereji kwa nguvu. Nilikimbilia mferejini kwanza. Nilikulia pale, nilijua mfereji ule umewahi kuchukua nini. Nilikuwa nimetumbukiza mikono hadi mabegani, nikipapasa kwenye takataka za mkonge, wakati Naisula alipoita kutoka uwanja wa kuanikia.

Huko singa, zile nyuzi za mkonge, huning'inizwa kwenye nyaya, mstari baada ya mstari, nyeupe mpaka macho yanauma. Mwanaisha alikuwa amelala chini kati ya mistari miwili, kwenye kivuli chembamba, mwili unawaka moto, meno yanagongana. Alijisikia vibaya toka mchana na hakutaka kutuharibia safari, akaona ajilaze kidogo. Tulimbeba hadi zahanati. Malaria ilikuwa imeshaanza kumpanda kichwani. Mganga alipomaliza kumtundikia dripu aliniambia kwamba kama tungemwacha kule uwanjani hadi asubuhi, angekuwa ananiambia maneno mengine. Nilikaa kwenye benchi la nje, mikono inanuka mkonge, nikalia bila kujificha.

Naisula alikaa karibu yangu. Hakunibembeleza. Nilipopata sauti nilimwuliza alihesabuje.

"Sikuhesabu, Mwalimu. Nilitazama tu."

Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kupima maneno. Nyumbani kwao, ng'ombe wanapoingia zizini jioni, mtu husimama langoni na kuwatazama wakipita. Hakuna anayesema moja, mbili, tatu. Kila mmoja ana rangi yake, pembe zake, mama yake, na mahali pake katika msafara. Asipokuwepo, mahali pake panaonekana. Ndivyo alivyotutazama na sisi kwenye lori. Alipoona mahali pa Mwanaisha pamekaa sura nyingine, alijua.

"Na kwa nini msihesabu? Si ni rahisi zaidi?"

"Kwetu ng'ombe hahesabiwi," alisema. "Na mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu ni kama unakionyesha kifo wa kuchukua."

Alisema hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Kitu fulani kilikuwa kimenigusa, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mwalimu sikutaka kujumlisha chochote. Nilitaka kuziona zile karatasi za upimaji.

Kesho yake nilizitoa kabatini zile tisa za wafugaji na kuzitandika mezani, moja pembeni ya nyingine, nikazitazama. Nasema nilizitazama, kwa maana mara ya kwanza nilizisahihisha tu. Swali la saba lilisema: Mzee Yordani ana ng'ombe 48. Kumi na tatu walikufa kwa ukame. Je, wamebaki wangapi? Karatasi zote tisa zilikuwa tupu hapo. Swali la tisa lilihusu mbuzi, tupu. La kumi na mbili, watoto wa familia mbili, tupu. La kumi na tano, tupu. La kumi na nane, ndama, tupu. Maswali matano kati ya ishirini, yaliyobeba nusu ya alama zote, na watoto tisa waliokaa mbalimbali bila kunong'onezana walikuwa wameyaruka yale yale, kila mmoja peke yake, huku wakijua kuruka ni kukosa. Maswali mengine, ya machungwa, ya matofali, ya kilomita, waliyajibu karibu yote. Darasani nilifundisha kwa vizibo vya soda na vijiti, ndiyo maana sikuwahi kugundua. Chati yangu ilikuwa imeyachukua yale matano ikayachanganya na mengine, ikatoa nguzo moja fupi.

Nilibaki nimezikodolea macho karatasi zile. Nimefundisha miaka kumi na minne sasa, sijawahi tena kuona kitu cha kunitisha na kunifurahisha kwa pamoja kama ule utupu wa mistari mitano. Watoto ambao hawakuwa na kitu, ambao alama moja kwao ilikuwa mlango, walikuwa wameacha mlango ufungwe kuliko kumhesabia mzee wasiyemjua ng'ombe wake waliokufa.

Nilimwita Naisula nikamwuliza kwa nini hawakuniambia. Alishangaa. Walidhani najua, alisema, na kwamba lile ndilo lilikuwa jaribio lenyewe, kuona nani ana adabu.

Mwalimu Deogratius alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amevua miwani. Aliniambia habari ni nzuri lakini haimsaidii. Nikamwomba jambo moja, wafanye maswali yale matano upya, namba zibaki zile zile, ila ng'ombe wawe magunia na watoto wawe matofali. Akakubali, na akasimamia mwenyewe ili pasiwe na neno. Majibu arobaini na tano yalikusanywa. Arobaini na moja yalikuwa sahihi.

Aliyapitia tena na tena. Kisha akafungua fomu ya majina, akaandika tisa yote kwa mwandiko wake ule wa kulala, la Naisula likitangulia. Alipofika kwenye sahihi aliinua kalamu.

"Raheli, mimi nimesaini. Lakini siku ya mtihani hakuna atakayewageuzia ng'ombe wawe magunia."

Usemi huo ulinikosesha usingizi. Alikuwa sahihi. Mtihani hutungwa mbali, na mtunzi hamjui Naisula. Nami ningemwambiaje? Nimwambie aache ya kwao ajibu? Au nimwambie aruke, na Kilindi inamsubiri? Nikaona kuuliza si ujinga, nikaenda kwao.

Mzee Saning'o alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za milimani kwetu na za mvua, nikapewa kigoda na chai ya maziwa matupu. Nilimweleza yote, pamoja na chati, maana nilikuwa nimechoka kuificha. Nilipomaliza alikaa akichora ardhi kwa ncha ya fimbo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa ruhusa, na nilikosa vyote viwili.

"Kalamu ataishika nani?" aliuliza.

"Naisula."

"Basi usiniulize mimi."

Nilirudi nikamwambia Naisula maneno hayo kama yalivyo. Aliitikia kwa kichwa tu. Miezi iliyofuata tulisoma kama watu wanaokimbizwa. Nilifundisha sehemu, asilimia, maumbo, na kila nilipotunga swali nilichagua machungwa. Nilikuwa mwoga. Sikuwahi hata siku moja kumwuliza ameamua nini.

Mtihani ulikuwa Septemba. Sisi walimu wa kituo hatukuruhusiwa kukaribia, tulikaa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha fundi baiskeli, tukitazama mlango. Muda wa hisabati ulipokaribia kwisha walianza kutoka, wa kijani na wa bluu na wa nyekundu, nilikuwa bado sijaacha ile tabia. Mwanaisha alitoka amenyoosha vidole viwili juu. Lenku, mmoja wa wale tisa, alitoka, wengine wakatoka. Naisula hakutoka. Kengele ilipogongwa ndipo alipotokea, wa mwisho kabisa, akitembea kama mtu aliyetoka kuzika. Nilimwuliza mtihani ulikuwaje. Akasema ulikuwa mrefu, maswali mawili ya mwisho hakuyafikia. Nikamwuliza kama palikuwa na wanyama. Akanitazama, akasema, "Walikuwepo," kisha akaenda kuwafuata wenzake kwa ile safari yao ya saa mbili. Sikuthubutu kumfuata. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote darasani kwangu, hajawahi kushindwa kufika mwisho wa karatasi.

Nusu ya wiki ile niliamini ameruka, nusu nyingine niliamini amejibu na ameumia. Kati ya hayo mawili sikujua niliombe lipi. Kiangazi kikaingia. Familia ya mzee Saning'o ikaahirisha safari kwa wiki moja, halafu nyingine, malisho yakiisha mbele ya macho yao, wakisubiri karatasi kutoka mjini.

Matokeo yalifika. Kati ya wanafunzi wetu ishirini na wawili waliofanya, kumi na tisa walifaulu. Wafugaji tisa walifaulu wote tisa. Naisula alichaguliwa kwenda bweni Korogwe. Mwalimu Deogratius alisoma orodha amesimama, alipomaliza akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akatoka nje akazunguka jengo zima peke yake. Mimi nilipiga magoti sakafuni palepale, na sisemi hivi kwa kupamba. Ilikuwa kama kuona mtu anavuka mto uliofurika kwa njia ambayo mimi, mwenye kumfundisha kuogelea, sikuwa naijua.

Januari nilimsindikiza hadi Segera kusubiri basi la Korogwe. Baba yake alikuwa amemletea tranka kama alivyoahidi, akambariki kwa kumtemea mate kichwani, akageukia Kilindi na mifugo yake. Tulikaa juu ya tranka hilo pembeni ya wauza machungwa, magari ya Arusha na ya Tanga na ya Dar yakipishana mbele yetu. Naisula alikuwa amevaa sare mpya, soksi zimempanda hadi magotini. Nikaona nikimwacha aondoke bila kuuliza nitazeeka na swali hilo.

Akaniambia. Lilikuwa swali la mfugaji mwenye ng'ombe sitini, robo yao wakafa kwa ugonjwa. Alilisoma mara tatu. Hakuweza kuwahesabu na hakutaka kuwaruka. Kwa hiyo aliamua kuwafahamu kwanza.

"Niliwapa majina wote," alisema. "Mmoja mmoja, na rangi zao. Nikawasimamisha langoni, nikawatazama wakipita."

"Wote sitini?"

"Wote. Hiyo haikunichelewesha sana. Kilichonichelewesha ni kuchagua kumi na tano wa kufa."

Basi la Korogwe lilitokea kwa mbali, utingo akining'inia mlangoni akiita abiria. Naisula alisimama, akashika mkono mmoja wa tranka, nami nikashika wa pili.

"Ukachagua?"

"Nilichagua wazee. Kumi na wanne niliwapata." Akalitazama basi. "Mmoja wa mwisho ilibidi awe ndama."

Nilimwuliza ndama huyo aliitwa nani. Akanitajia, jina refu la Kimasai, nami nikalirudia na kulirudia hadi aliporidhika kwamba nimelitamka sawasawa.